Vitu vya Krismasi za Kale Katika Maktaba

Watu wengi hudhani kwamba kitu kinachostahili kuwekwa katika kabati la vioo na kulindwa kwa kufuli sharti kiwe cha dhahabu, au kiwe kilikuwa mali ya mfalme. Tukisikia kwamba mahali fulani pana maonyesho ya vitu vya kale, mara tunafikiri habari za taji, panga za masultani na viti vya pembe za ndovu. Lakini ziko nchi ambazo maktaba zake, ufikapo mwezi wa Desemba, hufungua makabati hayo na kuweka ndani yake vitu ambavyo msomaji angeweza kuviokota jalalani: kadi za salamu zilizokunjika pembe, mikebe mitupu, vipande vya karatasi za rangi, na tufe za kioo zilizo nyepesi kama ganda la yai. Watu hutoka majumbani mwao katika baridi kwenda kuvitazama. Nataka kueleza kwa nini wafanya hivyo, na kwa nini naona kwamba jambo hilo latuhusu na sisi pia, tulio wakulima na tulio makarani.

Nalipata kuona maonyesho ya namna hiyo nilipokwenda Uingereza kumtazama binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji mmoja mdogo wa kaskazini, si mbali na Manchester. Maktaba ya mtaa wake si kubwa. Ni nyumba ya matofali mekundu yenye chumba kimoja cha magazeti na vyumba viwili vya vitabu. Karibu na mlango waliweka makabati matatu ya vioo. Vitu vyote vilivyokuwa ndani viliazimwa na wenyeji wa mji wenyewe, na kila kimoja kilikuwa na kikaratasi chenye kueleza ni kitu gani, ni cha mwaka gani, na kilitumiwa na nani: mama aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, mchimba makaa, mwalimu wa shule ya watoto. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha thamani ya kumfanya mwizi akose usingizi. Hata hivyo nilisimama pale zaidi ya saa moja, na binti yangu akanirudia mara mbili kuniuliza kama sijachoka.

Kabati la kwanza lilikuwa la kadi. Yafaa msomaji ajue kwamba desturi ya kupelekeana kadi wakati wa Krismasi si ya zamani sana kama watu wanavyodhani. Kadi ya kwanza iliyopigwa chapa kwa kuuzwa ilitolewa mjini London katika mwaka wa 1843. Mtu aliyeiagiza alikuwa Bwana Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa na marafiki wengi na kazi nyingi, na barua za sikukuu zilikuwa zimemlemea. Badala ya kumwandikia kila mtu barua yake, alimwomba mchoraji aitwaye John Callcott Horsley amchoree picha moja yenye salamu, ikapigwa chapa, kisha ikatiwa rangi kwa mkono. Zilitengenezwa kadi zipatazo 1,000, na zile alizozisaza ziliuzwa kwa shilingi moja moja. Shilingi ya siku zile ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kwa hiyo kadi hiyo haikuwa ya maskini.

Katikati ya picha hiyo jamaa wa nyumba moja wameketi mezani wakinywa divai, wakubwa kwa wadogo. Upande mmoja maskini wanapewa chakula, na upande wa pili wanapewa nguo. Wapo waliokasirika wakisema kwamba si vizuri kuonyesha mtoto akinyweshwa divai. Mimi nilipotazama nakala ya picha hiyo kabatini sikushughulika sana na divai. Nilitazama zile pande mbili. Mchoraji alitambua kwamba karamu isiyo na mlango wazi kwa mwenye njaa ina kasoro, na jambo hilo mzee wa kijiji chochote kwetu angelisema bila kufundishwa na mtu.

Jambo lililoziwezesha kadi kufika kwa watu wadogo lilikuwa posta. Katika mwaka wa 1840 Uingereza ilianza kupeleka barua mahali popote nchini kwa peni moja tu, na huyo huyo Henry Cole alikuwa mmoja wa walioifanyia kazi mipango hiyo. Katika mwaka wa 1870 ilianzishwa posta ya nusu peni kwa kadi zisizo na bahasha, na mashine za kupiga chapa picha za rangi zikazidi kuwa nyingi na rahisi. Ndipo kijakazi na mchimba makaa walipoweza nao kutuma salamu. Wapeleka barua wa siku zile walivaa makoti mekundu, na watu wakawatania kwa kuwaita jina la ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu. Ndiyo sababu ndege huyo yumo katika kadi nyingi za zamani, mara nyingine akiwa na barua mdomoni. Mtu asiyejua habari ya koti la posta hawezi kufahamu ndege ana kazi gani katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu.

Nilipomwuliza mama mtunza maktaba kama kadi za namna hiyo zaweza kuwa na faida kwa mtaalamu, alinieleza kwamba huko huko Manchester, katika maktaba ya chuo kikuu kiitwacho Manchester Metropolitan University, kuna hazina ya kadi za salamu za zamani zaidi ya 30,000, zilizokusanywa na mwanamke mmoja, Bibi Laura Seddon, kisha akakipa chuo. Wanafunzi wa uchoraji huzitazama wapate kujua rangi na herufi za zamani. Wanafunzi wa historia huzisoma wapate kujua watu wa kawaida waliogopa nini, walicheka nini, na walitamani nini. Mwanamke mmoja, kwa kukusanya vipande vya karatasi ambavyo wengine waliwashia moto, amewapa wasomi chakula cha miaka mingi. Akiba haiozi.

Mwaka huo wa 1843 ulileta kitu kingine pia. Tarehe 19 Desemba mwandishi mashuhuri Charles Dickens alitoa kitabu chake kidogo kiitwacho A Christmas Carol, chenye habari za tajiri bahili anayegeuzwa moyo usiku wa kuamkia sikukuu. Nakala 6,000 za kwanza ziliuzwa zote kabla ya siku ya Krismasi. Karatasi zenyewe alizoandika Dickens kwa mkono wake zingaliko, nazo zimehifadhiwa mjini New York katika Morgan Library, ambayo zamani ilikuwa maktaba ya tajiri wa benki, Pierpont Morgan. Kila mwaka wakati wa Krismasi hutolewa zikaonyeshwa kwa watu. Ukitazama picha ya karatasi hizo waona mistari iliyofutwa, maneno yaliyoandikwa juu ya maneno, na wino uliokokotwa kwa haraka. Kwa sisi tulioshinda miaka mingi tukiandika barua za ofisi, ni faraja kuona kwamba hata fundi mkubwa kama huyo hakupata sentensi zake kwa mara ya kwanza.

Kabati la pili lilikuwa la mapambo ya mti. Mti wa Krismasi ni desturi iliyotoka Ujerumani. Iliwaenea Waingereza hasa baada ya gazeti la Illustrated London News kutoa, katika mwaka wa 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakisimama na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Tufe za kioo za kutundika zilitengenezwa katika mji mdogo wa milimani uitwao Lauscha, katika jimbo la Thuringia. Kazi hiyo ilifanywa nyumbani na jamaa nzima. Baba alikipuliza kioo juu ya moto, mama akatia dawa ya fedha ndani yake ili king'ae, na watoto wakapaka rangi na kufunga vifuniko. Katika miaka ya 1880 tajiri wa maduka wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuzinunua na kuziuza kwa wingi, na mikono ya wanakijiji wale ikawa inapamba nyumba za watu wasiowajua, ng'ambo ya bahari. Vita vilipokata njia za biashara, Wamarekani walianza kutengeneza zao kwa mashine. Katika mwaka wa 1939 kiwanda cha Corning kilichokuwa kikitengeneza taa za umeme kilianza kufyatua tufe kwa maelfu kila siku.

Katika kabati lile palikuwa na tufe moja tu ya Lauscha iliyosalimika kati ya dazeni nzima. Kikaratasi chake kilisema kwamba ilifungwa katika soksi ya sufu kila mwezi wa Januari kwa miaka zaidi ya sabini. Nilifikiri habari za soksi ile kuliko habari za kioo. Kioo kilifanywa na fundi; lakini kukifanya kidumu ilikuwa kazi ya mtu asiye fundi, mwenye subira, aliyekumbuka kila mwaka kukifunga vizuri.

Kabati la tatu ndilo lililonishika. Ndani yake palikuwa na mkebe mdogo wa shaba nyeupe iliyofifia, wenye sura ya msichana kifunikoni na mwaka wa 1914. Msichana huyo ni Binti Mfalme Mary, mtoto wa Mfalme George wa Tano, aliyekuwa na umri wa miaka 17 Vita Kuu ya kwanza ilipoanza. Aliomba watu watoe fedha ili kila askari na baharia apate zawadi siku ya Krismasi. Kwa wavutaji mlitiwa tumbako na sigara, pamoja na kadi ya salamu na picha yake. Wasiovuta walipewa peremende na vifaa vya kuandikia barua. Na kwa askari wa Kihindi walitia vitu kama sukari gubu na viungo, kwa kuangalia desturi za dini zao. Askari zaidi ya laki tatu walipata mikebe yao siku yenyewe ya sikukuu, na kazi ya kuigawanya iliendelea miaka mingi hata idadi ikapita 2,500,000. Siku hiyo hiyo ya Krismasi ya 1914, katika sehemu kadhaa za Ufaransa na Ubelgiji, askari wa Kiingereza na wa Kijerumani walitoka katika mahandaki yao bila amri, wakapeana mikono, wakazika maiti wao, kisha baada ya muda wakarudi kupigana.

Askari wengi walipomaliza tumbako waliipeleka mikebe kwao, kwa wake na mama zao. Mkebe ule wa maktaba ulirudi katika mji ule, lakini mwenyewe hakurudi. Mjane wake aliutumia kwa kutilia vifungo vya nguo. Kikaratasi kilisema hivyo tu, wala hakikuongeza neno la huzuni, maana vifungo vilikuwa bado vimo.

Kando ya mkebe palikuwa na mnyororo wa karatasi, wa kupambia chumba, uliofanywa kwa vipande vya magazeti ya Vita vya pili, vilivyopakwa rangi kwa mkono. Katika miaka ile karatasi ilikuwa adimu Uingereza, na chakula kiligawanywa kwa kipimo mpaka mwaka wa 1954. Mtoto wa siku zile alipamba nyumba kwa habari za mabomu, akizipaka rangi nyekundu na kijani ili zisisomeke.

Nalimwuliza yule mama mtunza maktaba, "Mwachagua kwa kanuni gani? Maana watu wakijua kwamba mwapokea vitu, watawaletea takataka zote za nyumba zao."

Akacheka, akasema, "Tunawauliza swali moja. Tunawauliza, kitu hiki kina habari gani? Asiye na habari ya kutueleza, twamshukuru na kumrudishia. Mwenye habari, twaiandika kwanza, hata kabla ya kukipokea kitu."

Neno hilo lilinikalia moyoni, maana ni neno la karani hasa. Sisi tulifundishwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunalitumia neno hilo kwa magunia ya mahindi, kwa mapipa ya maziwa na kwa fedha za chama. Lakini hata kumbukumbu ni mali, nazo hupotea kwa njia ile ile.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu. Krismasi ya kadi na miti si yetu." Ni kweli kwamba theluji si yetu. Kwetu Taita, nilipokuwa mtoto, wazee wa kanisa walikata matawi ya msaipresi wakayasimamisha karibu na mimbari, na mke wa mwalimu akabandika juu yake vipande vya pamba ya hospitali kuwa theluji. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika kanisa lile aliyepata kuiona theluji kwa karibu, isipokuwa ile ya Kilimanjaro, ambayo asubuhi ya anga safi huonekana mbali sana, ikielea juu ya mawingu. Hata huko Uingereza kwenyewe, Krismasi yenye theluji si ya kila mwaka. Waelezao mambo husema kwamba Dickens aliijaza vitabuni kwa sababu utoto wake uliangukia miaka ya 1810, ambayo ilikuwa ya baridi kali. Basi kumbukumbu za utoto wa mtu mmoja zilipita vitabuni na katika kadi, zikavuka bahari, zikafika kwetu katika umbo la pamba ya hospitali.

Lakini pamba ile ilikuwa yetu. Mpishi wa wali wa sikukuu alikuwa mama zetu. Chapati zilizopikwa mara moja kwa mwaka, kanga mpya iliyonunuliwa baada ya kuuza mboga mjini, baluni moja iliyogombewa na watoto tisa, kitabu cha nyimbo kilichoshonwa upya kwa uzi wa mkonge, telegramu ya mtu aliyeko Mombasa kazini asiyeweza kupata ruhusa: hizo ndizo Krismasi zetu za kale. Zimekwisha kuwa kale, ingawa sisi tuliozila tungali hai. Na vitu vyake viko wapi? Vingi viliisha kwa kutumiwa, na hapana lawama. Nyumba maskini haina vitu vya kuweka. Kanga huwa nepi, na nepi huwa kitambaa cha kusafishia taa. Ndiyo sababu vile vichache vilivyosalia vina thamani kubwa kuliko wingi wa vitu vya nyumba za matajiri.

Katika nyumba yetu kilisalia kitu kimoja. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya. Katika mwaka wa 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mwezi huo alimwandikia mama barua fupi ya Kiswahili, kwa penseli. Barua za askari zilisomwa na maofisa kabla ya kupelekwa, kwa hiyo hakueleza yuko wapi wala anafanya nini. Alitoa salamu za Krismasi, akauliza habari za mbuzi, kisha akamsalimu kwa jina mtoto wao wa kwanza, ambaye alizaliwa baada ya yeye kuondoka.

Mtoto yule alifariki katika mwaka wa 1945, kabla baba hajarudi. Hatukupata picha yake. Alizikwa bila jiwe, katika kaburi ambalo sasa limo ndani ya shamba la migomba. Katika dunia nzima barua ile ndiyo karatasi pekee yenye jina lake. Mama aliiweka katika mkebe wa majani ya chai mpaka alipofariki yeye mwenyewe, naye hakuwa akijua kusoma.

Niliporudi kutoka Uingereza niliwaambia jamaa zangu habari za maonyesho yale, na nikatoa shauri kwamba barua na mkebe tuvipeleke maktaba, vitunzwe, na wakati wa Krismasi watu wavione. Ndugu yangu mdogo alikataa papo hapo.

"Kaka," alisema, "barua ya baba si gazeti. Mama alilia juu ya karatasi ile. Wataka watoto wa shule wasimame mbele yake wakila karanga?"

Nikamwambia kwamba penseli inafifia, kwamba karatasi imekatika katika mikunjo, na kwamba mchwa hawaulizi habari za heshima. Akanijibu kwamba mambo ya mtu yana haki ya kufa pamoja naye. Tulizungumza hivyo mpaka taa ikaisha mafuta, kila mtu akiona kwamba mwenzake anampunguzia baba heshima. Kwa kweli wote wawili tulikuwa tukigombea kumstahi mzee yule yule, na ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuamuliwa.

Dada yetu mkubwa alikuwa amekaa kimya akichambua maharagwe. Mwishowe alisema, "Mama hakujua kusoma, lakini kila Krismasi aliniita nimsomee. Hakunitaka nisome habari za mbuzi. Alitaka kulisikia jina la mtoto likitamkwa. Barua ikioza, nani atalitamka?" Kisha akaamua. Mkebe na bahasha yenye muhuri wa posta ya jeshi vyaweza kwenda kuonyeshwa. Barua yenyewe itapigwa picha, na picha iwekwe mahali salama pasipo wazi, kwa ajili ya wajukuu na mtafiti mwenye adabu. Karatasi itabaki nyumbani kwake, na kila Krismasi itasomwa mbele ya watoto. Ndugu yangu alinyamaza kwa muda, akasema, "Ikiwa ni kwa kusomwa, sawa, dada." Sitaliandika jina hilo hapa, kwa sababu dada hakuniruhusu.

Nimeeleza habari hiyo ya nyumbani kwa kuwa swali lile lile litaingia katika nyumba nyingi. Si kila kitu cha kutunzwa ni cha kuonyeshwa. Maktaba njema huijua tofauti hiyo, na mwenye kitu ana haki ya kuweka masharti yake kwa maandishi kabla hajakitoa.

Kwa wale watakaotaka kutunza vitu vyao, nitaeleza machache niliyoelezwa na watunza maktaba. Karatasi ina adui wanne: mwanga, unyevu, wadudu na mikono yetu. Usitundike kadi ya zamani ukutani mahali penye jua, maana rangi ikishakwenda hairudi. Usiifungie barua katika nailoni wakati wa mvua, kwa kuwa unyevu utafungiwa pamoja nayo. Iweke katika bahasha ya karatasi safi, ndani ya mkebe au sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na moshi wa jikoni na mbali na ukuta wenye mchwa. Usitie gundi wala utepe wa kunata mahali palipochanika, kwa kuwa baada ya miaka michache gundi hugeuka rangi na kuila karatasi. Nawa mikono yako na kuikausha kabla ya kushika. Ukitaka kuandika nyuma ya picha ni nani na ni mwaka gani, tumia penseli laini bila kukandamiza, wala usitumie wino, maana wino hupenya. Na zaidi ya hayo yote, waulize wazee majina upesi, wangali wapo. Mchwa akila picha, hasara ni ya picha moja. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, picha zote za nyumba ile huwa za watu wasiojulikana.

Hatuna haja ya kungoja fedha nyingi. Jengo la McMillan mjini Nairobi lilifunguliwa katika mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baada ya uhuru sheria ya mwaka wa 1965 iliunda shirika la maktaba la taifa, nalo lilieneza maktaba mbali na miji mikubwa. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais katika mwaka wa 1966, alikusanya vitabu, vinyago na hati kwa maisha yake yote, na leo vingi vya vitu hivyo vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, kila mtu apate kuvitazama. Mlango uliofungwa zamani umefunguliwa. Kilichobaki ni sisi kuingia tukiwa na kitu mkononi.

Basi shauri langu kwa wasomaji ni hili. Kabla ya Krismasi ijayo, kila mwenye maktaba karibu naye, au shule yenye chumba cha vitabu, na amwendee mwalimu au mtunza vitabu amwombe rafu moja tu kwa mwezi mmoja. Wazee na walete kitabu cha nyimbo, kadi, telegramu, kanga ya sikukuu, sinia la wali lililotobolewa na kutiwa risasi. Vijana wenye mwandiko mzuri na waandike vikaratasi: ni kitu gani, cha mwaka gani, kilitumiwa na nani, na kina habari gani. Mwezi ukiisha, kila mtu arudishiwe chake, lakini daftari la habari libaki maktaba. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa bei ya daftari moja na penseli mbili.